Siku moja inayokatwa kwenye safari ya Kilimanjaro

Saa tatu asubuhi, geti la Machame. Foleni ya wapagazi imeanzia kwenye mzani na kuishia nyuma ya magari yaliyowaleta kutoka Moshi. Kila mmoja anatundika mzigo wake kwenye ndoano, askari wa hifadhi anasoma namba, mwenye mzigo anasogea mbele. Mfuko mmoja unavuta kilo 23. Haupiti. Mwenyewe anaurudisha pembeni, anafungua kamba, anatoa trei ya mayai na mtungi mdogo wa gesi na kumkabidhi mwenzake ambaye mzigo wake ulisoma 17. Anarudi kwenye foleni. Safari hii anapita.

Sheria inajulikana na wote hapo: kilo 20 za mzigo wa kampuni, zaidi yake nguo na chakula cha mpagazi mwenyewe. Wageni wanapiga picha, wanadhani wanaona mwanzo wa safari.

Safari ilikwishaanza wiki kadhaa nyuma, siku mteja alipouliza bei. Akaletewa orodha yenye ratiba ya siku 5, ya siku 6, ya siku 7 na ya siku 8. Akaangalia tofauti ya pesa, akaangalia likizo yake kazini, akachagua. Siku aliyoikata siku ile ndiyo atakayoihitaji usiku wa kupanda kileleni, na hakuna atakayeweza kumrudishia akiwa mita 4,700.

Hesabu ya Marangu

Njia ya Marangu ndiyo kongwe na ndiyo pekee yenye nyumba za kulala badala ya mahema. Ratiba yake ya siku 5 inakwenda hivi: usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720, ambako mpandaji halali usiku mzima, kwa sababu ikikaribia saa sita anaamshwa kwenda kileleni. Kilele chenyewe, Uhuru, ni mita 5,895. Siku hiyohiyo anateremka hadi Horombo. Usiku na mchana mmoja vinampandisha mita 1,175 na kumshusha mita 2,175.

Sasa iweke ratiba hiyo mbele ya ushauri ambao madaktari wa milimani wamekuwa wakiutoa kwa miaka mingi: ukishavuka mita 3,000, sehemu unayolala isizidi ile ya jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda. Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita 1,000. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 nyingine. Ratiba ya siku 5 inakwenda mara mbili ya mwendo unaoshauriwa, bila siku hata moja ya mapumziko.

Ratiba ya siku 6 inaongeza usiku mmoja Horombo. Mchana wake watu hupanda taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, kama mita 4,000, kisha hurudi kulala palepale walipolala jana. Kwa anayetazama kwa haraka, ni siku iliyopotea. Kwa mwili, ni siku ya kazi kubwa kuliko zote.

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa asilimia ileile ya Tanga au Mtwara, karibu 21. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Pale Uhuru mgandamizo ni kama nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi inaingiza nusu ya oksijeni. Mwili hujibu kwa kupumua haraka. Pumzi za haraka hutoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inakuwa na alikali zaidi, na figo zinalazimika kuisawazisha kwa kutoa baikabonati kwenye mkojo. Ndiyo maana wapandaji hukojoa mara kwa mara usiku, na mwongozaji mzoefu akisikia mtu analalamikia jambo hilo hufurahi. Figo zinafanya kazi. Lakini figo huhitaji siku kadhaa, na hazina habari na tarehe ya tiketi ya ndege.

Njia ya Machame imejengwa kwa akili nyingine. Siku ya tatu au ya nne, kutegemea ratiba, mpandaji anatoka Shira akiwa mita 3,840, anapanda hadi mnara wa mawe uitwao Lava Tower, mita 4,600 na ushei, anakula chakula cha mchana hapo huku kichwa kikigonga, halafu anateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Amepanda juu, amelala chini. Njia ya Lemosho nayo hupita hapo, ikiwa na siku ya ziada upande wa magharibi.

> Siku ya pili Horombo inaonekana imepotea. Kwa mwili, ni siku ya kazi kubwa kuliko zote.

Somo la mwaka 1889

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kuwa mgeni wa kwanza kufika kilele cha Kibo, alijaribu mwaka 1887 akashindwa na barafu. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani: alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri na kuachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi akiwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na safari hii alikuwa na mpango tofauti kabisa.

Badala ya kupanda mara moja na kushuka chakula kinapoisha, aliweka kambi kwa ngazi: kambi kuu Marangu, nyingine katikati, nyingine kwenye tandiko lililopo kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,300. Wapagazi walipokezana kupeleka chakula na kuni kutoka chini. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki kambi ya juu pamoja na wageni wale wawili kwenye baridi ile, akiwapikia na kulinda hema wakati wao wakiwa kwenye barafu. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayekumbukwa na Wachagga kuwa aliwaonyesha njia.

Oktoba 3 Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kreta. Kilele walikiona. Muda ulikuwa umekwenda na nguvu zilikuwa zimeisha, wakageuka. Walipumzika, wakahamishia malazi yao juu zaidi ili safari ya mwisho iwe fupi, wakapanda tena na kufika Oktoba 6.

Waliweza kugeuka kwa sababu walikuwa na chakula cha siku nyingine na kambi ya kurudi. Asiye na siku ya akiba hulazimika kuendelea, hata kama kila dalili inamkataza.

Bei ya usiku mmoja

Kwa nini basi ratiba fupi bado zinauzwa? Upande wa kampuni, jibu liko kwenye ankara.

Kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka kadhaa sasa, mgeni asiye mkazi hulipa hifadhi dola 70 kwa kila siku ya kuwa mlimani, na dola 50 kwa kila usiku wa kambi, au 60 kwa kitanda cha njia ya Marangu. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Kuna pia ada ya uokoaji, dola 20 kwa safari nzima. Siku moja zaidi kwa mgeni mmoja haiwezi kupungua dola 140 kabla ya kununua hata kilo moja ya mchele, na kabla ya kulipa ujira wa siku wa mwongozaji, mpishi na wapagazi.

Mwenye kampuni ndogo ya Moshi ana hoja yake, na ni ya haki kuisikiliza. Anashindana kwenye intaneti na kampuni mia nyingine. Mteja wa kwanza kumwandikia anauliza bei, wa pili anauliza bei, wa tatu analeta bei ya jirani ili ipunguzwe. Ada za hifadhi hawezi kuzigusa. Vitu anavyoweza kugusa ni vitatu: idadi ya siku, chakula, na mishahara ya watu wanaobeba. Akikataa kuuza siku 5, mteja anavuka barabara kwenda kwa anayeuza.

Hifadhi nayo ina hesabu zake. Mapato ya Kilimanjaro husaidia kuendesha hifadhi nyingine zisizopata watalii wengi. Ada ya siku ni njia rahisi ya kukusanya pesa na huwafanya watu wasirundikane kambini. Lakini ada inayohesabiwa kwa siku ina tatizo lisilokwepeka: inamtoza zaidi yule anayepanda kwa usalama, na kumpa nafuu anayekimbia.

Kwa maoni ya makala hii, hilo ndilo la kurekebishwa kwanza. Likirekebishwa, mengi yanayofuata yatapungua uzito.

Kidole kwenye mashine

Jioni, hema la kulia. Supu imeliwa. Mwongozaji anatoa kifaa kidogo kama kibanio cha nguo na kukipitisha kwenye kidole cha kila mgeni. Kwanza anawaomba wapashe mikono joto kwenye kikombe cha chai, kwa sababu kidole cha baridi hutoa namba ya uongo. Anasubiri namba itulie, anaandika kwenye daftari: kiwango cha oksijeni kwenye damu, na mapigo ya moyo. Pwani namba ya kwanza ingekuwa 95 na zaidi. Barafu, kambi ya mwisho ya njia ya Machame, namba za 80 na kitu hazimshtui mtu.

Kisha yanafuata maswali, na hapo ndipo kipimo chenyewe kilipo. Kichwa kinauma? Kidogo, wastani au sana? Umekula? Umetapika? Umechoka kuliko ulivyotarajia? Kizunguzungu? Maswali hayo hutoka kwenye kipimo kinachoitwa Lake Louise, kinachotumika milimani duniani kote. Kila dalili inapewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mwenye maumivu ya kichwa akifikisha jumla ya alama 3 ana ugonjwa wa mwinuko, na kanuni ni kwamba asipande zaidi mpaka dalili ziondoke.

Mbaya zaidi ni hali mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa anayumba kama mlevi, anajibu ovyo, anakaa chini na kukataa kuinuka. Waongozaji humwambia atembee mstari mmoja ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hakuna mjadala. Ya pili ni maji kujaa kwenye mapafu. Mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi, na baadaye hutoa povu lenye damu. Zote mbili huua ndani ya saa chache na tiba yake ya kwanza ni moja: kuteremka, usiku huohuo, hata kama mvua inanyesha. Oksijeni ya mtungi na dawa hununua muda wa kuteremka. Hazichukui nafasi ya kuteremka.

Dawa inayojulikana kwa jina la Diamox, yaani asetazolamaidi, husaidia mwili kuzoea haraka, na madaktari wengi hushauri miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inaongeza mkojo na kuleta ganzi kwenye vidole, na wenye mzio wa dawa za salfa wanapaswa kumwona daktari kwanza. Dawa hiyo haifichi ugonjwa. Panadoli, kwa upande mwingine, inaweza kutuliza kichwa kikaonekana kizuri wakati hakiko vizuri, hasa kwa mtu aliyeamua kumficha mwongozaji wake.

Kuficha ndiko kunakowasumbua waongozaji kuliko hali ya hewa. Mtu amelipa akiba ya miaka, amewaaga ndugu, amechangiwa na kanisa au ofisi. Hawezi kusema kichwa kinauma. Na mwongozaji mwenyewe yuko kwenye mtihani: sehemu kubwa ya anachopeleka nyumbani ni bahasha ya zawadi siku ya mwisho, na mgeni aliyerudishwa njiani si rahisi kuijaza. Kampuni makini humwondolea mtihani huo mapema. Humlipa ujira unaotosha, na humwandikia mteja kwenye mkataba kwamba neno la mwongozaji kuhusu kuteremka ndilo la mwisho.

Wenye mapafu ya chuma

Desemba 2010, Martina Navratilova, bingwa mara 9 wa Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja wanawake, alikuwa Kilimanjaro kuchangisha fedha za hisani. Alikuwa na miaka 54 na mwaka huohuo alikuwa ametibiwa saratani ya matiti. Siku ya nne, akiwa karibu mita 4,500, alishindwa kupumua vizuri. Wapagazi walimbeba kwa machela mpaka chini, akapelekwa hospitali Nairobi, ambako ilithibitishwa kuwa mapafu yake yalikuwa yameingia maji. Alipona.

Julai 18, 2016, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Nelson Mandela, dereva maarufu wa mbio za magari wa Afrika Kusini, Gugu Zulu, alifariki akiwa kwenye safari ya hisani mlimani humo. Alipata shida ya kupumua, akatundikiwa dripu na kuanza kuteremshwa. Alikuwa na miaka 38.

Wote wawili walikuwa wanamichezo. Ukakamavu wa mwili unasaidia miguu na mgongo, lakini haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Wenye nguvu huwa na hatari ya ziada: wanaweza kwenda haraka. Kijana anayewaacha wenzake nyuma siku ya kwanza na kufika kambini saa mbili mbele yao ndiye anayewatia wasiwasi watu wa mlimani. Msemo wa pole pole umegeuzwa wimbo wa watalii na kuchapishwa kwenye fulana, kiasi kwamba watu wamesahau kuwa ni agizo la kitabibu.

> Kijana anayewaacha wenzake nyuma siku ya kwanza ndiye anayewatia wasiwasi watu wa mlimani.

Wasiohesabiwa

Utafiti mmoja ulichunguza vifo vya watalii Kilimanjaro kuanzia Januari 1996 hadi Oktoba 2003. Walikuwa 25. Kati yao 14 waliuawa na magonjwa ya mwinuko. Wengine walikufa kwa moyo, ajali, nimonia na sababu nyingine.

Ni kazi muhimu, na bado inanukuliwa. Ila ilihesabu watalii. Kwa kila mtalii mmoja mlimani, huwa kuna wapagazi watatu au zaidi, na hao hawamo kwenye namba hiyo.

Wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, hupanda kwa kasi kuliko wageni kwa sababu lazima wafike kambini kwanza, wasimamishe mahema, wachote maji. Wengi ni vijana wa vijiji vya chini ya mlima au waliotoka mikoa mingine kutafuta riziki. Kuishi Moshi, chini ya mita 1,000, hakumpi mtu kinga ya mita 4,700. Mpagazi anaumwa kichwa kama mgeni. Tofauti ni kwamba mgeni ataulizwa jioni, na daftari la mwongozaji mara nyingi halina ukurasa wa wapagazi.

Baridi nayo. Usiku wa Barafu au Kibo joto huanguka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Mgeni ana begi la kulalia la manyoya, tabaka nne za nguo, soksi za sufu. Mpagazi anayeanza kazi anaweza kuwa na raba, jinzi na koti la mtumba. Mradi wa KPAP, ulioanza Moshi mwaka 2003 kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, umekuwa ukiwaazima bure makoti, viatu na mabegi ya kulalia, na kufuatilia kampuni zinazokubali kupimwa: zinalipa kiasi gani, wapagazi wanakula mara ngapi kwa siku, wanalala wangapi kwenye hema moja. Kwa miaka mingi shilingi 20,000 kwa siku ndiyo kiwango cha chini kilichozungumzwa, na si kila kampuni imekuwa ikikifikia.

Na ule mzani wa getini una mipaka yake. Barafu haina maji. Maji ya mwisho kwenye njia ya Machame yako bonde la Karanga, na kila tone litakalonywewa, litakalopikiwa supu na kujazwa kwenye chupa za usiku wa kileleni linabebwa kutoka huko na watu, mita 600 na zaidi juu. Lita 20 ni kilo 20. Mzigo huo haupiti kwenye ndoano ya geti lolote. Kampuni iliyopanga vizuri inaongeza wapagazi kwa ajili ya siku hiyo tangu mwanzo. Iliyopanga vibaya inawatuma walewale mara mbili.

Kwa hiyo mteja anayeuliza kuhusu usalama wake ana maswali mengine matatu ya kuuliza kabla ya kulipa: wapagazi wangu ni wangapi, watalala wapi, na mmoja wao akiugua atateremshwa na nani? Kampuni iliyo na majibu ya maswali hayo ina majibu ya mengine yote.

Machela na helikopta

Kwa miongo mingi uokoaji wa Kilimanjaro ulikuwa machela ya chuma yenye tairi moja katikati, watu wanne au sita wakiishika pembeni na kukimbia nayo kwenye kokoto kutoka Kibo hadi Horombo, kisha gari. Bado ipo na bado inafanya kazi. Wagonjwa wengi hupona njiani kwa sababu tu wameshuka mita 1,000.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, helikopta za uokoaji zimekuwa jambo la kawaida, na Agosti 2022 serikali ilizindua intaneti ya kasi Horombo, baadaye ikafikishwa hadi kileleni. Simu inapigwa, ndege inakuja, mgonjwa anakuwa hospitali ya KCMC au kwingineko kabla ya chakula cha mchana. Kuna watu walio hai leo kwa sababu hiyo.

Lakini helikopta haiondoi hesabu, inaibadilisha. Hairuki kwenye ukungu, na haiwezi kuja usiku wa manane, saa ambazo wengi huzidiwa. Hewa nyepesi inayomnyima mgonjwa pumzi ndiyo hiyohiyo inayoinyima rafadha nguvu ya kuinua. Desemba 24, 2025, helikopta iliyokuwa kwenye kazi ya uokoaji ilianguka upande wa Barafu na watu wote 5 waliokuwamo wakafariki. Isitoshe, Nepal walijifunza mwaka 2018, serikali yao ilipochunguza safari za helikopta zisizo za lazima zilizokuwa zikilipwa na bima za wapandaji, kwamba pale kila simu inapogeuka malipo, wasio wagonjwa nao hurushwa.

Bima inayotaja wazi kupanda hadi mita 6,000 ni ya lazima kwa kila anayekwenda. Anayeipanga safari yake akitegemea ndege kama njia ya kurudi, huyo hana mpango.

Desemba 9 na wapandaji wa nyumbani

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni. Tangu hapo tarehe hiyo hupandwa kila mwaka, na miaka ya karibuni kampeni kama Twenzetu Kileleni zimewavuta Watanzania wengi zaidi: vikundi vya ofisi, wanafunzi, wanandoa, watu wa jogging za Jumamosi. Kili Challenge ya mgodi wa Geita, iliyoanza mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, imewapandisha mamia.

Hawa wana neema ambayo mgeni hana. Ada zao hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo ya anacholipa Mzungu. Kwa Mtanzania siku ya sita ni nafuu. Inasikitisha kuona vikundi vya nyumbani vikipangiwa siku 5 kwa mazoea tu, eti ratiba ndiyo iliyopo.

Wana pia jambo ambalo vitabu vya wageni hulipitia juujuu: selimundu. Mwenye ugonjwa huu hapaswi kupanda bila ushauri mzito wa daktari, kwa sababu oksijeni ikipungua chembe zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa, anaweza kupata maumivu makali ya ubavu wa kushoto juu mlimani, bandama likiwa limekosa damu. Vinasaba hivyo vimeenea sana Kanda ya Ziwa, na wengi wanaovibeba hawajui. Kipimo ni cha damu na kinapatikana hospitali za rufaa. Kiingie kwenye orodha, pamoja na shinikizo la damu, pumu na ujauzito, kabla ya kuulizana saizi ya viatu.

Viatu navyo visiwe vipya. Maduka ya kukodisha vifaa Moshi yana karibu kila kitu, kuanzia fimbo hadi koti zito, lakini buti la kukodi lililovaliwa kwa mara ya kwanza getini litakuwa limechuna kisigino kufikia Horombo. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na jasho la saa sita usiku hugeuka barafu mgongoni. Betri za taa ya kichwani zilale ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe, maana baridi huzimaliza. Chupa ya maji ipinduliwe kichwa chini usiku wa kileleni, maji yagande kuanzia kitakoni, mdomo ubaki wazi.

Majirani wa Kenya wana somo kali zaidi. Kwenye Mlima Kenya gari hufika Met Station, mita 3,050, kwenye njia ya Naro Moru, na kesho yake mtu aliyetoka Nairobi juzi analala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Point Lenana ni mita 4,985 tu, watu husema, ndogo kuliko Kili. Mwili haupimi kilele. Unapima umelala wapi jana.

Vitanda vya Horombo

Linalowezekana kufanyika ni hili: hifadhi isitoze ada ya siku kwa usiku wa pili Horombo, au iikate kwa nusu, na ratiba ya siku 5 ya Marangu iondolewe kabisa. Mapato yatakayopungua yanaweza kufidiwa kwa kupandisha ada ya kuingia mara moja, ili anayekaa siku 7 na anayekaa 5 wasitofautiane sana. Mwenye kampuni ndogo hatalazimika tena kushindana kwa kukata siku, kwa sababu hakuna atakayekuwa na siku ya kukata.

Pingamizi kubwa litatoka Horombo kwenyewe. Kituo hicho hupokea wanaopanda na wanaoshuka usiku uleule, na msimu wa Desemba vitanda hujaa. Kila mpandaji akilala siku mbili badala ya moja, vitanda vitahitajika zaidi, na vyoo, na maji, na mabomba ya kuyaleta. Hilo ni suala la ujenzi na bajeti, na wahandisi wa hifadhi wanaweza kulikadiria kabla ya msimu ujao.

Mpaka hapo, wapandaji wa Marangu waombe ratiba ya siku 6, na wapeleke ombi hilo mapema, Septemba au Oktoba kwa wanaotaka kuwa kileleni Desemba 9, kwa sababu vitanda vya usiku wa ziada ndivyo vinavyoisha kwanza.